Vitenzi vya Kiswahili na Uhariri wa Milinganyo katika Programu za Uigaji wa Fizikia

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza kwa usahihi kazi ya kuhariri milinganyo iliyomo ndani ya programu za kompyuta zinazoiga matukio ya kifizikia. Kwa kutumia mlinganyo wa upitishaji joto kama mfano, makala yanabainisha ngazi nne za uhariri na kuonyesha kwamba vitenzi badili, ongeza, badilisha na rekebisha havifai kutumiwa kiholela kana kwamba ni visawe. Hoja kuu ni kwamba kitenzi kichaguliwe kwa kuzingatia sheria ya fizikia iliyoguswa, wala si kwa kuzingatia maandishi yaliyochapwa kwenye kompyuta.

1.0 Utangulizi

Jitihada za kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili zimejishughulisha zaidi na nomino. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ni mfano mmojawapo wa kazi zilizowapatia walimu na wanafunzi majina ya vitu na dhana. Mwelekeo huo una sababu zake. Mtu anapokutana na kitu kigeni, swali lake la kwanza huwa ni kinaitwaje. Hata hivyo, sayansi si orodha ya vitu tu. Ni kazi inayotendwa, na kazi huelezwa kwa vitenzi. Pale vitenzi visipopambanuliwa, nomino zilizosanifiwa kwa uangalifu mkubwa hubaki zikiunganishwa na maneno yasiyo na mipaka ya maana.

Upungufu huo unaonekana waziwazi katika matumizi ya programu za uigaji. Mtafiti anayechunguza namna joto linavyoenea katika chuma, au maji yanavyopita katika bomba, mara nyingi haandiki milinganyo yote mwenyewe. Hununua au hupakua programu ambayo tayari imebeba milinganyo hiyo, kisha huielekeza kwenye tatizo lake. Ikitokea kwamba milinganyo iliyomo haitoshi, huihariri. Anapotoa taarifa ya kazi yake kwa Kiswahili, jambo hilo lote huelekea kufupishwa katika sentensi moja:

(1) Mlinganyo ulibadilishwa.

Kisarufi sentensi hii haina kosa. Kitaaluma ina upungufu mkubwa, kwani haimwambii msomaji iwapo kilichobadilishwa ni namba, ni fomula, ni kipengele kimoja, au ni sheria nzima ya fizikia. Kila mojawapo ya hayo hudai ushahidi wa aina yake. Ni kweli kwamba katika vyuo vikuu vya Tanzania na Kenya fizikia hufundishwa kwa Kiingereza, lakini hilo haliondoi haja ya kulitazama suala hili. Lugha isiyokuwa na njia thabiti ya kusema nani alifanya nini kwa mlinganyo upi haiwezi kudai kuwa tayari kubeba sayansi hiyo.

2.0 Milinganyo ya Programu na Mahali Ilipo

2.1 Uigaji, si Uigizaji

Kabla ya kuendelea, ni vyema kufafanua istilahi mbili. Ya kwanza ni uigaji. Kutokana na kitenzi iga hupatikana nomino uigaji, na kutokana na igiza hupatikana uigizaji. Uigizaji umekwisha kuwa istilahi ya sanaa za maonyesho, nao hubeba wazo la mtu kujifanya asivyo. Programu ya fizikia haijifanyi. Inafuatisha mwenendo wa kitu kwa njia ya hesabu. Kwa hiyo uigaji unafaa zaidi, na ndio unaotumiwa katika makala haya.

Istilahi ya pili inahusu milinganyo yenyewe. Kuna uwezekano wa kuiita "milinganyo asilia", kwa maana kwamba ndiyo iliyokuwamo tangu awali. Jina hilo lina hatari. Asilia hudokeza kitu cha maumbile, na msomaji anaweza kudhani kuwa milinganyo hiyo ni sheria za maumbile zenyewe, wakati ukweli ni kwamba ni uteuzi wa waundaji wa programu. Makala haya yanapendekeza milinganyo ya programu, kwa kuitofautisha na milinganyo ya mtumiaji. Kihusishi cha umilikaji -a kinafanya hapa kazi muhimu: kinamwonyesha msomaji ni nani anayewajibika kwa kilichoandikwa.

2.2 Viwango vya Uwazi

Programu hazilingani katika kuwaruhusu watumiaji kuifikia milinganyo yake. Katika Fluent, msimbo wa kiini cha programu umefungwa, lakini mtumiaji anaweza kuandika vipande vyake kwa lugha ya C na kuviunganisha, kwa mfano ili kuongeza chanzo cha joto au cha kani katika mlinganyo uliopo. Katika COMSOL Multiphysics, iliyojulikana kama FEMLAB kabla ya mwaka 2005, mtumiaji anaweza kufungua sehemu inayoonyesha vigeu na fomula zilizo nyuma ya kila chaguo la menyu, akazihariri, na akitaka akazirudisha katika hali yake ya awali. OpenFOAM, ambayo ilitolewa kama programu huria mwaka 2004, imeacha msimbo wote wazi. Mtafiti hunakili kikokotozi kilichopo, hukipa jina jipya, huhariri mistari ya mlinganyo, kisha hukikusanya upya. FEniCS nayo haimpi mtumiaji mlinganyo uliokwisha kuandaliwa. Humtaka auandike mwenyewe kwa namna inayokaribiana sana na maandishi ya kihisabati.

Desturi ya watumiaji wa OpenFOAM ya kukipa jina jipya kikokotozi kilichohaririwa inastahili kuzingatiwa na wanaisimu. Jina jipya ni tangazo kwamba kitu hiki si kile tena. Pale ambapo uhariri unafanyika ndani ya sehemu iliyofunguliwa kutoka menyu, jina la menyu hubaki lilelile. Kitu kimebadilika na jina halikubadilika. Hapo ndipo lugha ya taarifa inapolazimika kubeba mzigo ambao jina limeuacha.

3.0 Ngazi Nne za Uhariri

Mlinganyo wa upitishaji joto unatokana na mambo mawili yaliyounganishwa. La kwanza ni hifadhi ya nishati: joto linalolimbikizwa mahali fulani ni sawa na joto lililoingia ukitoa lililotoka, pamoja na lile lililozalishwa papo hapo. La pili ni sheria iliyoelezwa na Joseph Fourier katika kitabu chake cha mwaka 1822, kwamba mtiririko wa joto unawiana na mteremko wa jotoridi, na huelekea upande wenye jotoridi ndogo. Kiwango cha uwiano huo ndicho upitishaji joto. Programu nyingi za uigaji zimeujenga mlinganyo huu ndani yake. Uhariri wake unaweza kugawanywa katika ngazi nne.

3.1 Ngazi ya Kwanza: Thamani

Mtumiaji huondoa namba moja na kuweka nyingine. Upitishaji joto wa shaba nyekundu ni takriban wati 400 kwa mita kwa kelvini, ilhali ule wa maji ni takriban 0.6. Anayetoka kwenye shaba kwenda kwenye maji yaliyotulia hubadili thamani tu. Mlinganyo haukuguswa. Ushahidi anaodaiwa ni chanzo cha namba yake.

3.2 Ngazi ya Pili: Fomula ya Sifa

Mtumiaji huondoa namba na kuweka fomula, kwa mfano fomula inayoonyesha kuwa upitishaji joto unategemea jotoridi. Sheria ya Fourier ingali palepale, lakini tabia ya kihisabati ya mlinganyo ni nyingine. Sasa jibu linategemea kigezo ambacho nacho kinategemea jibu, na programu hulazimika kukokotoa kwa kurudiarudia mpaka majibu yasipishane tena. Ushahidi unaodaiwa ni mipaka ya jotoridi ambamo fomula hiyo imethibitishwa.

3.3 Ngazi ya Tatu: Kipengele

Mtumiaji huongeza kipengele kipya katika hesabu ya nishati. Mfano mashuhuri ni kazi ya Harry Pennes ya mwaka 1948 kuhusu jotoridi ya mkono wa binadamu. Pennes alichukua mlinganyo wa joto na kuongeza kipengele kinachowakilisha joto linaloletwa au kuondolewa na damu. Kipengele hicho ni zao la densiti ya damu, joto mahsusi lake, kiwango cha damu inayopita katika tishu, na tofauti kati ya jotoridi ya damu ya ateri na ile ya tishu. Tishu ikiwa na joto zaidi kuliko damu, kipengele hupoza. Ikiwa baridi zaidi, hupasha.

Sheria ya Fourier haikuondolewa. Kilichotokea ni kutambuliwa kwa njia nyingine ya joto kuingia na kutoka. Ushahidi unaodaiwa ni wa aina mbili: kwamba kipengele kina vizio sawa na vipengele vingine, yaani wati kwa mita ya ujazo, na kwamba kinachowakilishwa kipo kweli katika kitu kinachoigwa.

3.4 Ngazi ya Nne: Sheria

Mlinganyo wa kawaida wa joto una tabia moja isiyoridhisha kinadharia: athari ya kupasha sehemu moja husambaa papo hapo hadi mbali kabisa, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Carlo Cattaneo mwaka 1948, na Pierre Vernotte mwaka 1958, walitoa sheria nyingine ya mtiririko ambamo mtiririko hauitikii mteremko wa jotoridi mara moja, bali baada ya muda mfupi wa kusubiri. Kutokana na sheria hiyo, joto husafiri kama wimbi lenye kasi yenye kikomo. Hapa hakuna kilichoongezwa katika orodha ya njia za joto. Sheria ya Fourier imeondolewa na nafasi yake imechukuliwa na nyingine.

4.0 Vitenzi na Mipaka Yake

Vitenzi vinavyowania nafasi katika uwanja huu ni hariri, badili, ongeza, badilisha na rekebisha. Katika mazungumzo ya kila siku matumizi yake huingiliana, na hakuna ubaya katika hilo. Istilahi, hata hivyo, huundwa kwa kupunguza uhuru wa neno.

Hariri ni kitenzi cha jumla. Kinataja tendo la kugusa maandishi bila kusema lolote juu ya matokeo yake. Kwa sababu hiyo kinafaa kuwa jina la ngazi zote nne kwa pamoja.

Badili hukubaliana na hali ambapo kitu kinabaki kuwa kilekile huku sifa yake ikiwa nyingine: kubadili nia, kubadili rangi, kubadili mwendo. Aliyebadili nia ni mtu yuleyule. Kitenzi hiki kinafaa ngazi ya kwanza na ya pili, mradi yambwa itajwe kikamilifu:

(2) a. Thamani ya upitishaji joto ilibadiliwa.
b. Fomula ya upitishaji joto ilibadiliwa.

Ongeza kinafaa ngazi ya tatu. Kinadai kwamba kilichokuwapo awali kingalipo, na kwamba kuna kitu cha ziada. Pennes aliongeza.

Badilisha, pamoja na maana yake ya usababishi, kina maana nyingine iliyokita mizizi, nayo ni kutoa kimoja na kupokea kingine mahali pake: kubadilisha fedha, kubadilisha gurudumu. Aliyebadilisha gurudumu hana tena lile la kwanza garini. Maana hii ndiyo inayohitajika katika ngazi ya nne:

(3) Sheria ya Fourier ilibadilishwa kwa sheria ya Cattaneo na Vernotte.

Rekebisha ndicho kitenzi chenye kuhitaji tahadhari kubwa zaidi, kwa kuwa hupendwa na wengi kwa sababu ya adabu yake. Kurekebisha ni kuondoa kasoro. Anayesema "mlinganyo wa joto ulirekebishwa" anadai, pengine bila kukusudia, kwamba mlinganyo huo ulikuwa na kosa. Mlinganyo wa Fourier hauna kosa ndani ya mipaka yake, na Pennes hakumsahihisha Fourier. Kitenzi hiki kihifadhiwe kwa hali moja tu: pale ambapo msimbo ulikuwa na hitilafu ya kweli, mathalani alama ya kutoa iliyowekwa mahali pa alama ya kujumlisha, na hitilafu hiyo ikaondolewa.

5.0 Athari za Kitenzi Kisichofaa

Huenda ikadaiwa kwamba ubaguzi huu wa vitenzi ni suala la mtindo tu. Mfano wa ngazi ya nne unaonyesha kuwa sivyo.

Sheria ya Cattaneo na Vernotte ikiunganishwa na hifadhi ya nishati, mlinganyo unaopatikana hufanana sana na ule wa kawaida. Tofauti inayoonekana kwanza ni kipengele kimoja cha ziada: muda wa kusubiri ukizidishwa kwa kadiri ya pili ya badiliko la jotoridi kwa wakati. Kwenye kompyuta, kazi huonekana kuwa ni kuandika kipengele hicho kando ya vilivyokuwapo. Mhariri anayeongozwa na maandishi atasema ameongeza. Akiamini kwamba ameongeza, atadhani vilivyobaki havikuguswa, na hapo atakosea mara nne.

Kwanza, chanzo cha joto nacho hubadilika. Ikiwa joto linazalishwa ndani ya kitu kwa kiwango kinachopanda na kushuka kwa wakati, mlinganyo mpya unadai kipengele cha pili, yaani muda wa kusubiri ukizidishwa kwa kadiri ya badiliko la chanzo hicho. Kipengele hiki husahaulika kwa urahisi kwa sababu hutoweka chanzo kikiwa hakibadiliki.

Pili, masharti ya mpakani hupata maana nyingine. Programu nyingi huandika mlinganyo katika umbo la kiintegrali, ambamo mtiririko unaopita mpakani huingia wenyewe kutokana na namna integrali ilivyopangwa. Mtumiaji aliyekuwa ameandika mtiririko fulani mpakani chini ya sheria ya Fourier hana budi sasa kuujumlisha na muda wa kusubiri uliozidishwa kwa kadiri ya badiliko la mtiririko huo. Mtiririko usiobadilika hauathiriki, unaobadilika huathirika.

Tatu, sharti moja la mwanzo halitoshi. Mlinganyo wa kawaida huridhika na jotoridi ya mwanzo. Mlinganyo mpya unataka pia kasi ya badiliko la jotoridi hiyo wakati wa kuanza.

Nne, majedwali ya matokeo huweza kudanganya. Kigeu ambacho programu hukiita mtiririko wa joto kimefafanuliwa kwa sheria ya Fourier. Fomula ya kukokotolea ikihaririwa na ufafanuzi wa kigeu hicho ukaachwa, jotoridi itakokotolewa kwa sheria moja, na mchoro wa mtiririko utachorwa kwa nyingine. Hakuna onyo litakalotolewa, maana kila fomula ni sahihi kivyake.

Mambo yote manne yanatokana na ukweli mmoja: sheria imebadilishwa, haikuongezewa kitu. Anayetumia kitenzi badilisha hulazimika kujiuliza sheria iliyoondolewa ilikuwa ikitumika wapi kwingine. Kitenzi ongeza hakimwulizi swali hilo. Ndiyo maana uainishaji wa vitenzi usifuate idadi ya mistari iliyochapwa.

Pamoja na hayo, kitenzi sahihi huelekeza kwenye jaribio sahihi. Kilichoongezwa kinaweza kuondolewa kwa kukipa thamani ya sifuri. Kiwango cha damu katika kipengele cha Pennes kikiwa sifuri, jibu lazima lirejee kuwa la mlinganyo wa kawaida. Sheria iliyobadilishwa nayo huweza kupimwa kwa kufuata kikomo: muda wa kusubiri ukipunguzwa kuelekea sifuri, majibu yanapaswa kukaribia ya Fourier. Matokeo yasiporejea, kuna mahali ambapo uhariri haukukamilika.

6.0 Kauli na Uwajibikaji

Suala la mwisho linahusu mnyambuliko. Sentensi tatu zifuatazo hutofautiana katika kiambishi au katika kutajwa kwa mtendaji tu, lakini tofauti hiyo ni nzito:

(4) a. Mlinganyo ulibadilika.
b. Mlinganyo ulibadilishwa.
c. Mlinganyo ulibadilishwa na watafiti.

Kauli ya kutendeka katika (4a) humwondoa mtendaji kabisa. Msomaji anaweza kuelewa kwamba jambo lilitokea lenyewe. Kauli ya kutendwa katika (4b) inakiri kuwa mtendaji yupo bila kumtaja, na katika uwanja huu watendaji wanaowezekana ni wawili: watumiaji, au waundaji wa programu waliotoa toleo jipya. Ni (4c) pekee inayoondoa utata. Mapokeo ya uandishi wa kisayansi hupendelea kumficha mtendaji, na kwa mambo mengi hilo halina madhara. Kwa uhariri wa milinganyo ya programu, madhara yapo, kwa kuwa msomaji anayetaka kurudia kazi hiyo kwa programu yenye jina lilelile atapata matokeo mengine bila kujua sababu.

Taarifa inayojitosheleza, kwa hiyo, itaje mtendaji, kitenzi, kilichotendwa, mahali kilipo, na toleo la programu. Mfano:

(5) Watafiti walibadilisha sheria ya Fourier kwa sheria ya Cattaneo na Vernotte katika umbo la kiintegrali la mlinganyo wa joto; walihariri pia chanzo, sharti la mpakani na ufafanuzi wa kigeu cha mtiririko; toleo la programu limetajwa katika jedwali la kwanza.

Sentensi hii ni ndefu kuliko (1), lakini haimwachii msomaji kazi ya kukisia.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uhariri wa milinganyo ya programu una ngazi nne, na kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuzieleza pasipo kukopa kipya hata kimoja: kubadili thamani, kubadili fomula, kuongeza kipengele, na kubadilisha sheria. Hariri kimependekezwa kuwa kitenzi cha jumla, na rekebisha kimewekewa mpaka wa kuondoa hitilafu tu. Imeonyeshwa pia kwamba kitenzi kisichofaa huweza kuficha masharti ambayo mtafiti alipaswa kuyashughulikia.

Mfano uliotumika ni mmoja, nao ni wa joto. Inafaa uchunguzi wa namna hii uendelezwe katika milinganyo ya mwendo wa vimiminika na ya mkazo wa vitu vigumu, ambako mpaka kati ya fomula ya sifa na sheria ni mwembamba zaidi. Kwa waunda istilahi, funzo lililopo ni kwamba orodha ya nomino haitoshi. Kila nomino ya kisayansi ingefaa iandikwe pamoja na vitenzi vinavyoruhusiwa kuandamana nayo, na kwa kila kitenzi ielezwe kinadai nini kwa anayekitumia.